Akaunti ya Afya Yangu: ichunge kama unavyochunga Till yako

Leo hatuongei bei ya jumla wala jinsi ya kupiga picha za viatu zikatoka safi. Tunaongea kitu kinachoweza kula stoki yote kwa wiki moja, na si kastoma anayeagiza halafu anazima simu. Ni ugonjwa.

Jirani yako aliyeajiriwa hukatwa pesa ya bima ya afya kabla mshahara haujamfikia, na kuna mtu ofisini wa kufuatilia. We muuzaji wa onlaini huna huyo mtu. Wewe ndiye meneja, ndiye unayefunga parseli, ndiye unayejibu inboksi saa nne usiku. Usipojipanga mwenyewe, siku mtoto anapolazwa ndiyo unaanza kuuza stoki kwa hasara ili ulipe bili. Sasa kuna akaunti moja ambayo wengi wetu tunayo na hatujawahi kuifungua tangu tusajiliwe. Inaitwa Afya Yangu.

NHIF ilipisha SHA tarehe 1 Oktoba 2024, na Afya Yangu ndipo mgonjwa anapojihudumia mwenyewe: unajisajili, unaweka watu wa nyumbani, unajibu maswali ya kipato, unaona kama umelipiwa au la. Unaingia kwa tovuti ya afyayangu.go.ke ama kwa programu ya simu. Kama bando imeisha au uko na kabambe, piga *147# na ufuate menyu. Angalia huo mwisho wa anwani, go.ke. Ukitumiwa linki kwa WhatsApp ikiwa na mwisho mwingine, hata kama imewekwa nembo ya serikali, achana nayo. Sisi tunajua vile ukurasa feki wa duka hutengenezwa kwa dakika kumi. Wa afya pia hutengenezwa hivyo hivyo.

Watu wengi hujikwaa hapa: kujisajili si kulipa. Ukishasajiliwa tu, bila kulipa shilingi, unatibiwa bure kwa zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA, kwa sababu huduma hiyo ya msingi inalipwa na hazina ya serikali. Lakini ukipelekwa hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, ulazwe, upasuliwe, ujifungue huko, hapo ndipo mchango wako unatafutwa kwa mtambo. Mtu anaambiwa "uko kwa SHA," anarudi nyumbani akiwa ametulia, kumbe yuko kwa daftari tu. Kwa hivyo ukiingia kwa akaunti leo, kitu cha kwanza ni kuangalia kama mchango wako unasoma kwamba uko hai. Jina lako kuwepo pale halitoshi.

Sasa mchango unapimwa vipi kwa mtu asiye na payslipu? Sheria inasema asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa vile sisi hatuna mshahara, kuna maswali ya kupima uwezo: mnaishi watu wangapi, nyumba ina ukuta na paa la aina gani, maji mnatoa wapi, choo ni cha namna gani, mnapikia nini. Ukimaliza, mtambo unakupa kiasi chako. Usiwe na haraka hapo. Nimeona watu wanabonyeza tu mradi wafike mwisho, kama vile mtu anakubali masharti ya programu bila kusoma, halafu wanashangaa kiasi kilichotoka. Na usimpe kijana wa saiba akujibie kwa kukisia. Hajui paa lako ni la nini. Kama umeshajibu na unaona kiasi hakilingani kabisa na maisha yako, nenda dawati la SHA, kwa mfano kwa Huduma Centre iliyo karibu, ukaulize jinsi ya kuomba kiangaliwe upya. Kunung'unika kwa status hakupunguzi hata shilingi.

Kingine cha kujua: asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, na analipa mbele. Hii ndiyo inauma, najua. Kwa anayepangiwa kile kiasi cha chini kabisa, 300 mara 12 ni shilingi 3,600. Kwa nyumba iliyopimwa kuwa na kipato cha shilingi 30,000 kwa mwezi, asilimia 2.75 ni 825, yaani 9,900 kwa mwaka. Ukiitazama hiyo 9,900 kama mlima, hutalipa. Hebu ifanye vile unafanya gharama ya kufungia mzigo. Gawanya kwa wiki 52, inakuja kama shilingi 190 kwa wiki. Ukituma parseli 15 kwa wiki, ni shilingi 13 kwa kila parseli. Bei ya karatasi ya kufungia na selotepu! Kwa anayelipa 3,600 ni kama 70 kwa wiki, chini ya shilingi 5 kwa parseli. Iweke kwa hesabu ya bei kabla hujatangaza bidhaa, na hiyo pesa usiiache kwa Till inakochanganyika na ya stoki. Tafuta pa kuifungia, hata kama ni chama cha watu wanne.

Kuna pia mpango unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, unaopatikana kwa *147#, kwa wale ambao hawawezi kutoa yote mara moja. Ni mzuri, lakini ujue ni nini: ni mkopo. Unalipiwa mwaka, wewe unarudisha kidogo kidogo. Soma gharama yake na siku za kulipa kabla ya kukubali, hasa kama tayari una mkopo mwingine wa simu unaokusumbua. Mimi kwa maoni yangu, aliye na mauzo ya Desemba afadhali atoe mchango wa mwaka mzima kutoka hapo kabla Januari haijafika na karo zake.

Na kama mume au mke wako ameajiriwa na anakatwa kila mwezi, angalia kwanza kama umewekwa kwa akaunti yake. Mchango ni wa nyumba, na mwenzako pamoja na watoto wanafaa kuwa hapo ndani kama wategemezi. Lakini hawajiweki wenyewe. Mtoto asiyeonekana kwa akaunti, mtambo wa hospitali haumjui, hata kama umelipa mpaka mwisho wa mwaka. Ingia sasa, hesabu vichwa. Jina la kila mmoja liwe vile lilivyo kwa kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa ni kama namba ya simu iliyokosewa kwa parseli ya Kisumu: mzigo uko, mwenyewe yuko, lakini hawakutani.

Tuje kwa jambo linalotuhusu sisi wauzaji kuliko watu wengine: laini ya simu. Wengi wetu tuna mbili, ya nyumbani na ya biashara. Ya biashara mara nyingi inashikwa na msichana wa duka, au shemeji anayejibu oda, au iko kwa simu inayobaki stoo. Sasa jiulize, akaunti yako ya afya imesajiliwa kwa laini gani? Zile tarakimu za siri za kuthibitisha kwamba ni wewe, zinaingia kwa laini hiyo. Kama ni laini uliyoacha kutumia mwaka jana, unaweza kuwa umesimama mapokezi na msimbo unaingia kwa kadi iliyotupwa. Kama ni laini ya biashara, aliyeishika anaweza kuingia kwa mambo yako bila wewe kujua. Hamisha akaunti iwe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako, inayokaa mfukoni mwako. Na waliosajiliwa saibani waangalie kwa makini zaidi, kwa sababu kuna wahudumu walioweka namba au barua pepe zao wenyewe ili kazi iishe haraka. Ukikuta namba usiyoijua kwa akaunti yako, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Halafu hizo tarakimu zenyewe. Hakuna muuzaji hapa anayeweza kumsomea mtu asiyemjua PIN ya M-Pesa. Lakini mtu akipigiwa na kuambiwa "mimi ni wa hospitali, nisomee namba iliyoingia kwa simu yako tukuwekee bima sawa," anaisoma yote. Namba hiyo ilikuwa kama saini yako: ukiitoa, umekubali kwamba umetibiwa, na dai linaweza kwenda kulipwa kwa jina lako na wewe uko sokoni unapima nguo. Si hadithi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo vingi vya afya kwa sababu ya madai ya uongo, na serikali ikaanza kuhamia alama za vidole ili anayetibiwa awe ndiye mwenyewe. Mpaka hapo, na hata baada ya hapo, toa tarakimu ukiwa umesimama mbele ya mhudumu, kwa huduma unayoipata saa hiyo. Ukiombwa alama ya kidole kwa "kambi ya matibabu ya bure" mtaani, uliza kwanza ni ya nini, na ni kituo gani kinachoitumia. Anayekupa soda na fulana ili uweke kidole, we fikiria yeye anapata nini.

Kwa hivyo jizoeze kuingia kwa akaunti hata kama hauugui, vile unavyoangalia statimenti ya Till mwisho wa mwezi. Ukikuta umeandikiwa huduma kwa kituo ambacho hujawahi kukanyaga, piga picha ya skrini yenye tarehe, kisha ripoti kwa SHA. Namba yao ya bila malipo ni 147. Usione ni deni la serikali halikuhusu. Bima ina viwango vyake, na kilichotumiwa kwa jina lako na mtu mwingine unaweza kukikosa siku unakihitaji. Isitoshe, rekodi yako inakuwa na ugonjwa usio wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti na inakupa haki ya kuona kilichoandikwa kukuhusu na kudai kirekebishwe kama si kweli. Itumie.

Neno kuhusu picha za skrini, maana sisi ni watu wa kupost. Ukimaliza kulipa, usiweke ule ukurasa kwa status na maneno "nimejipanga 2026." Una namba ya kitambulisho hapo, na majina ya watoto. Na usihifadhi nywila kwa simu ambayo watu watatu wanajibia oda.

Hospitali nyingine, hasa za binafsi, ziko na kurasa zao za wagonjwa, ambapo unapanga siku ya daktari na kuona majibu ya maabara. Kama yako inayo, omba uunganishwe kabla hujatoka mapokezi, kwa sababu kurudi kwa ajili ya karatasi moja ni siku nzima ya mauzo imekwenda. Majibu yakitoka, yapakue uyatume kwa barua pepe yako mwenyewe. Ukihama kutoka Nakuru kwenda Mombasa, daktari wa huko atataka kuona kipimo cha sukari cha mwaka jana, na faili lako halitapanda basi peke yake.

Wenye presha na sukari, mtu akikuuliza uanzie wapi leo: piga *147#, hakikisha jina, laini, na watu wa nyumbani, kisha angalia tarehe ambayo mchango wako unaisha. Iandike kwa kalenda ile ile unayoandikia siku ya kuagiza mzigo, wiki tatu kabla, kwa sababu sheria inataka mchango wa mwaka mpya uingie siku 14 kabla ule wa zamani haujaisha.