Ufa upi wa kuogopa ukutani?

Ufa ukizibwa kwa simenti na kupakwa rangi, nyumba huonekana mpya. Ndiyo maana msikilizaji anayetaka kununua nyumba tunamwomba akague kuta kabla ya kutoa hela.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiwa maji. Hizo haziangushi nyumba. Wa kuogopa ni ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, na unaonekana ndani na nje. Mara nyingi hapo msingi umeshuka upande mmoja. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ndiyo balaa zaidi: masika udongo unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka, na nyumba inapanda na kushuka nao.

Mwenye nyumba atakwambia, "Huo ni wa zamani." Huenda ni kweli. Omba uchore alama ya penseli ufa unapoishia, uandike tarehe, upime na upana. Rudi mvua zikishapita. Ukikuta ufa umevuka alama, mwite fundi achimbe pembeni auone msingi, ndipo mzungumze bei.