Kuweka efekti ndani ya gitaa la besi: kazi ipo, ila usitoboe mbao ya mtu

Leo ni kwa wale wenye viduka vya vifaa vya umeme na mafundi simu wenzangu. Kama una solda, mita na mkono uliotulia, kuna kazi unaweza kuiongeza mezani bila mtaji mkubwa: kuingiza saketi ya pedali ya efekti ndani ya gitaa la besi.

Kwa nini hapa Arusha? We angalia wikiendi tu. Kwaya zinatoka mjini kwenda Ngaramtoni, Tengeru, Usa River. Mpiga besi kapanda bodaboda, gitaa liko mgongoni. Hapo abebe tena pedali, adapta na waya wa pili? Akisahau kimoja, efekti hakuna. Na umeme ukikatika likawashwa jenereta, adapta ya bei rahisi inaanza kuvuma kwenye spika mpaka mchungaji anageuka kuangalia. Saketi ikiwa ndani ya besi inakula betri ya volti 9, anachomeka waya mmoja, anapiga.

Wazo lenyewe siyo geni. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ya Marekani ilitoa besi ya StingRay ikiwa na saketi ya kukuza sauti na betri humo humo ndani. Miaka hiyo hiyo ya 70 kulikuwa na magitaa ya Electra, yaliyotengenezwa Japani, yenye nafasi mgongoni ya kuchomeka vikasha vya efekti: unatoa hiki, unaweka kingine. Na Matt Bellamy wa bendi ya Muse ya Uingereza anapiga magitaa ya Manson yenye pedali ya fazi ndani. Mimi hao wa Electra ndio nawapenda zaidi, kwa sababu walifikiria kutoa kabla ya kuweka.

Hapo ndipo kwenye hatari ya hii kazi. Besi unayoletewa mara nyingi siyo ya anayekuletea. Ni ya kwaya, watu wamechangishana. Kijana anakwambia, "Fundi, toboa tu hapa weka swichi," halafu wiki ijayo anakuja mwalimu wa kwaya anauliza nani kakuruhusu. Saketi ukikosea unaing'oa. Tundu kwenye mbao halizibiki likaisha, na thamani ya besi imeshuka. Kwa hiyo swali la kwanza dukani kwangu ni: hii besi ya nani? Kama ni ya kundi, naongea na kiongozi kwanza. Kisha napiga picha za ndani na nje kabla sijagusa skrubu, namtumia WhatsApp.

Na kiukweli tundu huwa halihitajiki. Kuna volyumu za kuvuta: zinazungushwa kama kawaida, lakini ukiivuta juu chini yake kuna swichi ya miguu sita. Toa volyumu ya toni, weka hiyo yenye thamani ile ile ya omu. Ikiwa chini, sauti inapita moja kwa moja kwenda kwenye jeki. Ikivutwa, inapitia kwenye saketi. Pima kina cha shimo kwanza, maana hizi ni ndefu kuliko za kawaida. Vipuri vya zamani vyote tia kwenye kifuko, andika jina, mrudishie mwenyewe.

Sasa saketi. Anza na fazi ya transista mbili, ni vipuri vichache na inakaa kwenye kibao kidogo kuliko kiberiti. Ila michoro mingi ni ya gitaa la kawaida, na hapa wengi wanaharibu. Waya mnene wa besi, ile E ya chini, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Wa gitaa ni mara 82. Kapasita ya kuingilia ikiwa ndogo inazuia sauti nzito. Mfano, kapasita ya nanofaradi 10 ikikutana na ukinzani wa kiloomu 100, inaanza kukata chini ya hezi 159. Besi imekwisha hapo, imebaki kelele ya nyuki. Weka nanofaradi 100, mkato unashuka mpaka kama hezi 16, sauti yote inapita. Kipuri cha bei ile ile! Na usijaribie kwenye kispika cha simu, hakiwezi kukuonyesha hezi 41. Tafuta spika kubwa.

Jeki badilisha, weka ya stirio. Waya mweusi wa betri unaenda kwenye mguu wa kati, wa ringi. Akichomeka waya wa kawaida wa gitaa, ule mguu unagusana na ethi, saketi inawaka, akichomoa, inazima. Hii ni kwa transista za NPN; zile saketi za PNP zenye ethi ya chanya unageuza. Kama besi tayari ina betri, pima kwanza, nyingine zina betri mbili, volti 18.

Mwambie mteja achomoe waya akimaliza ibada. Fazi inakula kama miliampia moja tu, betri nzuri inadumu mamia ya saa, lakini ikiachwa imechomekwa wiki nzima lazima ichoke. Dilei ya kidijitali inaweza kula miliampia 30 na zaidi, betri inaisha kwenye vipindi vichache. Ndiyo maana dilei siweki ndani. Tena mpiga besi mikono yote ina kazi. Efekti ya kuwasha na kuzima katikati ya wimbo ni ya mguuni. Akitaka hiyo namuuzia pedali, biashara imeisha. Ya ndani ni ile inayowashwa mwanzo wa wimbo na kuachwa.

Na usikubali kamwe kumwekea mtu tundu la chaja ya umeme wa ukutani kwenye besi. Nyaya za besi zimeungwa na ethi, na anazishika kwa mikono miwili huku mdomo uko kwenye maiki. Betri tu.

Bei usipange kwa vipuri. Tuseme vipuri vimekutoka 25,000 na umekaa saa nne: kufungua, kulehemu, kubandika foili ya kuzuia mvumo, kujaribu. Ukichaji 35,000 umefanya kazi ya saa nne kwa 10,000, na meza imelala bila simu hata moja. Mimi najiuliza saa nne za kutengeneza simu zingeniingizia ngapi, najumlisha vipuri, hapo ndipo naanzia. Hela ya vipuri inatangulia kabla sijafungua. Dhamana natoa ya miezi mitatu kwa lehemu na waya, betri haimo, na hilo naliandika kwenye risiti mteja akiwa amesimama pale pale.