Ziwa la Nzilo, mtoto wa shaba

Ukitoka Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea kaskazini, ukishaliacha nyuma vumbi la migodi, unakutana na maji mapana, mitumbwi, na vijiji vya wavuvi. Mgeni hudhani ziwa hili lilikuwepo tangu enzi. Sivyo. Wapo wazee waliozaliwa kabla yake.

Mto Lualaba huchipuka kwenye uwanda wa juu karibu na mpaka wa Zambia. Hutiririka polepole hadi Nzilo, kisha huporomoka kwa kishindo kati ya magenge kuelekea mabonde ya Upemba. Mbelgiji Alexandre Delcommune aliyaona magenge hayo mwishoni mwa karne ya 19. Msafara wake ulichonga mitumbwi ili kuteremka na mto. Maporomoko yakawalazimisha kuiacha, na njaa ikawaua wengi, hasa wapagazi, ambao majina yao hakuna aliyejishughulisha kuyaandika.

Jina lake yeye lilibaki. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipohitaji umeme wa kusafishia shaba, ilijenga bwawa pale pale, ziwa likazaliwa nyuma yake, na mwaka 1952 mitambo ya Delcommune ikaanza kuzunguka. Leo inaitwa Nzilo. Miaka michache baadaye ikafuata Nseke, chini kidogo ya mto.

Uholanzi nako kuna kijiji kiitwacho Giethoorn, chenye mifereji badala ya barabara. Mifereji hiyo ilichimbwa na watu waliotafuta udongo wa kuchoma kama kuni, maji yakajaa nyuma yao. Huko, kama Nzilo, mandhari ilizaliwa na kiu ya nishati. Ila wachimbaji wa Giethoorn waliweza kuota moto wa udongo walioukata wenyewe. Umeme wa Nzilo ulikwenda viwandani.

Tena si huo tu. Mwaka 1982 ulikamilika waya wa kutoka mabwawa ya Inga kwenye mto Kongo, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi: kilomita 1,700 hivi, ukipita juu ya vijiji visivyohesabika bila kuviachia hata taa moja, kwani umeme wa mkondo mmoja (DC) wa volti kubwa hauchotwi njiani kirahisi. Mpaka sasa ni takriban Mkongo mmoja kati ya watano anayepata umeme, na bukari (ugali) ya familia nyingi za jimbo la Lualaba hupikwa kwa makaa yanayomaliza miti ya miombo.

Kobalti ya Lualaba, inayotiwa kwenye betri, inaendesha magari ya umeme duniani kote. Serikali ya jimbo na wenye migodi waanze na vijiji vya kandokando ya ziwa: nguzo ziko karibu, na deni ni la tangu 1952.