Muuaji Tumeshamjua, Sasa Tunangoja Nini?

Haya, sogeeni. Aliye juani aje kivulini, mkorosho huu ni mpana. Mjomba wenu leo hana haraka.

Kuna mpwa wangu mmoja hapa kijijini kwetu Mkotokuyana ameniletea swali. Alikuwa anatazama tamthilia ya upelelezi kwenye flashi, na sola ilikuwa bado ina nguvu. Ghafla akakasirika.

"Mjomba, hii filamu mbovu! Muuaji wametuonyesha mwanzoni kabisa. Tumemwona kwa macho yetu. Sasa tunangoja nini?"

Swali zuri hilo! Lina meno. Wapo watu wazima wanaotoka banda la video wakidai warudishiwe kiingilio, na swali hili hawajawahi kujiuliza. Wewe umejiuliza. Kaa karibu yangu.

Kwanza tumjue mpelelezi wa filamu yako. Anaitwa Columbo. Ni askari mpelelezi wa Los Angeles, huko Marekani. Tamthilia yake ilianza kwenye televisheni mwaka 1968, na sehemu ya mwisho ikatoka 2003. Jumla ni sehemu 69. Koti lake limekunjamana. Kalamu anaazima kwa watu. Gari lake ni Peugeot 403 kuukuu. Ana mbwa mvivu. Kila mara anamtaja mke wake, na huyo mke hatumwoni.

"Anapigana, mjomba?"

Hapigani.

"Anapiga risasi?"

Bastola yenyewe hapendi kuibeba.

"Sasa huyo steringi gani?"

Steringi anayeuliza maswali, kama wewe. Anauliza, anaaga, anafika mlangoni, anageuka. Ana swali jingine moja dogo tu. Na hilo dogo ndilo linalomtoa mtu jasho.

Nikupe na siri. Aliyemwigiza ni Peter Falk. Alikuwa na umri wa miaka 3 alipopoteza jicho la kulia, akawekewa la bandia. Koti lile lilikuwa lake mwenyewe, alitoka nalo nyumbani.

"Kwa hiyo mwenye jicho moja anaona kuliko sisi wenye mawili?"

Hapo ndipo penyewe! Wewe uliona kila alichokiona yeye. Macho yaliona, akili ikapita.

Sikiliza. Bibi yako huamka alfajiri akafagia uwanja. Mchanga unabaki safi, una mistari ya ufagio. Baadaye kuku anapita. Mbuzi anapita. Wewe unapita na ndoo. Halafu mtu fulani ananyata mpaka kwenye kichanja cha karanga, anarudi anatafuna. Nyayo zote ziko pale, wazi. Watu wote wa nyumba wanazikanyaga. Bibi anatoka, anatazama chini kidogo, anakuita jina lako kamili.

Je, bibi ameona kitu kilichofichwa? Hapana. Uwanja ni huohuo, na nyayo ni zilezile.

Basi sehemu nzuri ya tamthilia ya upelelezi ni uwanja huo. Kila alama imewekwa mapema, mbele yako, bila kufunikwa. Mwishoni unajipiga paji la uso: nilikuwepo! Sehemu mbaya je? Ni ule uwanja unaofagiliwa tena baada ya mwizi kupita. Unakaa saa nzima unatazama mchanga mtupu, halafu dakika ya mwisho wanakuletea pacha wa marehemu ambaye hakuna aliyewahi kumtaja. Mimi nikiona pacha wa namna hiyo huzima televisheni. Rimoti ninayo mimi.

"Lakini mjomba, hujajibu. Kwa nini watuonyeshe muuaji mapema?"

Safi sana. Usiniachie nikatoroka.

Mtindo huu ni wa zamani kuliko televisheni. Kulikuwa na daktari Mwingereza, R. Austin Freeman. Mwaka 1887 aliletwa Afrika, Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Akaumwa sana huko, akarudishwa kwao, akaanza kuandika hadithi. Mwaka 1912 akatoa kitabu kinachoitwa The Singing Bone. Humo alifanya jambo ambalo watu hawakulizoea: kwanza anakuonyesha kosa likitendeka na nani analitenda, ndipo mpelelezi anaingia. Sasa swali la "nani?" limekufa. Linazaliwa jingine: atakamatwaje?

Na hili la pili ni gumu kuliko la kwanza. Jibu la "nani" unaweza kulibahatisha. Watuhumiwa wakiwa watano, taja mmoja, huenda ukapata. Jibu la "atakamatwaje" halibahatishwi. Lazima utazame. Ndiyo maana nasema filamu yako haikuwa mbovu, mpwa wangu. Iliacha kukuficha mtu ili ujifunze kutazama vitu.

Turudi kwa Columbo, tuchukue sehemu moja. Wako wanaopenda sana ile ya mwaka 1971 iliyoongozwa na Steven Spielberg, kijana wakati huo, kabla dunia haijamjua. Ni nzuri, sikatai. Mimi naipenda zaidi moja ya mwaka 1973, ya mtengeneza mvinyo.

"Mvinyo ni kama uraka wa mabibo?"

Umeuliza vizuri, ila wewe uraka umeujulia wapi? Haya, tutaongea baadaye. Uraka unanyweka mapema, ukikawia unachacha. Mvinyo wa zabibu, ule wa bei kubwa, huwekwa chupani miaka na miaka, mahali pa baridi. Adui yake ni joto.

Mwenye mvinyo anaitwa Adrian Carsini, na ameigizwa na Donald Pleasence. Anaupenda mvinyo kuliko watu. Ulimi wake ni fundi: akionja tone, anajua. Lakini shamba la zabibu si lake. Ni la ndugu yake wa baba, Rick, na Rick anataka kuliuza. Wanagombana. Carsini anampiga, anamfunga kamba, anamwacha kwenye ghala la chupa. Anazima mashine ya kupooza hewa, anapanda ndege kwenda New York kununua mvinyo. Anarudi baada ya siku kadhaa. Rick amekufa. Carsini anamvalisha nguo za wapiga mbizi, anamtupa baharini. Watu wote wanasema: maskini, ajali ya maji.

Yote hayo unayaona. Hufichwi kitu. Uliiona na mashine ikizimwa! Macho yaliona, akili ikapita.

Sasa Columbo anafika ufukweni. Gari la Rick limeegeshwa pale. Gari zuri, linang'aa. Askari wengine wanalipita. Lingekuwa na mdomo lingesema hivi:

"Nitazameni basi! Mnasema nimesimama hapa tangu bwana wangu aingie majini? Mvua si ilinyesha siku hizo? Lipo wapi doa la tone hata moja? Vumbi langu liko wapi? Nyie mnaoishi kwenye barabara za vumbi jekundu, gari gani linalala nje mvua na jua likaamka limetakata? Nilikuwa nimefichwa! Nimeletwa hapa juzijuzi tu! Mbona hakuna anayeniuliza?"

Columbo ndiye anayeliuliza. Haliulizi kwa mdomo. Anazunguka, anatazama, anajikuna kichwa. Na madaktari waliopima maiti wanasema tumbo lilikuwa tupu. Mtu anaenda kuogelea hajala siku mbili?

Sikiliza sasa utamu ulipo. Columbo mvinyo haujui. Anafanya nini? Anaenda kujifunza! Mtu mzima, askari mzee, anakaa chini afundishwe kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi hapo huwa natabasamu peke yangu. Wabaya wake wote wanadhani wanacheka na mjinga, kumbe wanacheka na mwanafunzi.

Na katika kuulizauliza anagundua kwamba wakati Carsini yuko New York, siku moja jua lilichoma kupita kiasi. Ghala limefungwa. Mashine imezimwa. Chupa ziko humo.

"Ah! Mvinyo umeharibika!"

Umeona? Umefika kabla sijakufikisha! Lakini nani atathibitisha? Ladha imebadilika kidogo sana, watu wa kawaida hawawezi kujua. Anayeweza kujua ni mtu mwenye ulimi fundi.

"Carsini mwenyewe!"

Carsini mwenyewe. Columbo anamkaribisha chakula cha jioni kwenye hoteli ya kifahari. Chupa inaletwa, ya mwaka 1945, heshima tupu. Carsini anaonja. Anawaka! Anawafokea wahudumu mbele za watu: nani amethubutu kuleta kitu kilichoungua kwa joto? Baadaye, Carsini akiwa anatupa chupa zake baharini, moja baada ya nyingine, Columbo anamkuta. Anamweleza taratibu: ile chupa ya hotelini ilitoka ghalani kwako.

Basi. Hakuna ngumi. Hakuna risasi. Mtu ameshikwa na ulimi wake mwenyewe, kitu alichojivunia kuliko vyote. Hii ndiyo sababu naiweka juu ya nyingine: ushahidi haukutoka mfukoni mwa mpelelezi, umetoka kwa muuaji mwenyewe, kwa sababu ya jinsi alivyo. Muuaji asiyejua mvinyo angekunywa, akashukuru, akaenda zake nyumbani.

Kitu kimoja hapa, kisha tuendelee. Ukitazama filamu zilizotafsiriwa, zile za akina Lufufu waliotia sauti ya Kiswahili juu ya sauti ya wageni, utajua mtafsiri ana kazi ngumu kwenye upelelezi. Kwenye ngumi anaweza kuongeza chumvi na watu wakafurahi. Kwenye upelelezi akisema mapema "jamani itazameni hiyo mashine," amewaonyesha unyayo kwa kidole. Na asipoitaja kabisa, watazamaji wa nyuma hawataiona. Inabidi aitaje kwa kupitia tu.

"Mjomba, sisi hatuna mpelelezi wetu?"

Tunaye! Tena alianza kabla ya Columbo. Ni Bwana Msa. Ana kiko chake, na rafiki yake Najum wa kushangaa pamoja naye. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mtu aliyefanya kazi kwenye gazeti la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndani yake mtu ameuawa, na watu wanautazama mzimu. Bwana Msa anamtafuta binadamu. Bara wakati huo televisheni hatukuwa nayo; ITV ilianza kurusha mwaka 1994. Lakini Bwana Msa alisomwa, akaazimwa, akachanika majalada. Ukikuta kitabu chake, soma kurasa za mwanzo mara mbili. Tazama ni vitu gani vinatajwa kama kwa bahati mbaya.

"Mimi naweza kutunga yangu."

Tunga! Tena hapahapa. Usiende Los Angeles.

"Haya. Kuna ghala la korosho la chama cha msingi. Kuna mtunza ghala, mzee, anajua korosho kuliko watu wote wa Nachingwea na Ruangwa. Akiipasua korosho moja tu, anakwambia hii daraja la kwanza, hii la pili, hii rudisha kwenu. Watu wanamwogopa siku ya mzigo."

Namwona. Endelea.

"Usiku analeta lori. Anafungua milango, anapakia magunia, anaiba. Asubuhi anakata kufuli, anapiga kelele wezi, wezi! Anasema alilala palepale, milango haikufunguliwa mpaka wezi walipokuja alfajiri."

Umenionyesha mwizi mapema. Mpwa wa mjomba!

"Mpelelezi anakuja. Ni mama mmoja mpole, ana daftari. Anauliza, anaondoka, anarudi. Siku moja anamletea mzee bakuli la korosho, anamwomba ampangie daraja. Mzee anapasua moja. Anakasirika! Anasema nani kaleta takataka hizi, zimenyeshewa! Mama anamwambia, zimetoka kwenye magunia ya karibu na mlango wako. Maana usiku ule mvua ilinyesha. Kwa hiyo milango ilikuwa wazi usiku, na mzee amesema uongo!"

Lo! Lo! Njoo nikupe mkono. Umemshika mzee kwa sifa yake mwenyewe. Kuna watu wanalipwa kuandika tamthilia na hawajafika hapo.

Ila nina swali jingine moja dogo tu.

"Lipi, mjomba?"

Mvua umeniambia lini?

"Mwisho."

Mwisho. Mimi nilikaa hapa hadithi nzima sina habari ya mvua, ningejuaje? Rudi mwanzo. Usinitajie mvua kama shahidi. Mzee akiwa anapakia, mwache tu dereva wa lori alalamike kwamba shati lake limelowa, halafu haraka umpitishe mbwa au ugomvi wa hela, nisahau. Haya, anza tena. Kuna ghala la korosho.