Kumaliza shule si kumaliza kusoma
KILA mwaka, baada ya karatasi ya mwisho ya KCSE, kuna watahiniwa wanaochana madaftari na kurusha vitabu hewani. Ukiwauliza watakujibu: "Prof, tumemaliza kusoma!"

Tuichunguze kauli hiyo kisarufi. Kiambishi '-me-' huashiria tendo lililotimia, nacho kitenzi 'maliza' hufunga mlango kabisa. Kwa kijana huyu, kusoma ni kifungo, na mtihani wa mwisho ndio siku ya kuachiliwa. Akijiunga na chuo, swali lake darasani huwa: "Hii itakuja kwa mtihani?"

Simlaumu peke yake. Tangu KCSE ya kwanza mwaka 1989, sisi walimu tumewafunza wengi kusoma ili wajibu maswali, mara chache ili wajue. Maswali yakiisha, sababu ya kusoma nayo huisha.

Sasa litazame neno 'msomaji'. Kiambishi '-aji' huashiria mazoea: huyu husoma leo, kesho na kesho kutwa, awe na mtihani au asiwe nao. Huyo ndiye tunayepaswa kumlea. Shule ina kengele ya mwisho. Elimu, walivyosema wahenga, haina mwisho.