Nyumba Inayokua: Jinsi Watu wa Kambi Moto Walivyojenga



Tunapotembelea vikundi, mara nyingi tunaonyeshwa jengo lililokwama. Kikundi kimoja cha akina mama kilichanga pesa miaka 3 ili kijenge vyumba vya kukodisha pale sokoni. Wakachimba msingi wa vyumba 6, kuta zikafika usawa wa madirisha, pesa zikaisha. Mvua zimenyeshea kuta hizo hata zimeanza kumeguka. Wanachama wengine hawaji tena mikutanoni, na mweka hazina anaangaliwa kwa jicho baya, ingawa hakula hata shilingi moja. Shida haikuwa wizi. Shida ilikuwa kuanza vyumba vyote kwa mara moja, kumbe wangeanza na 2, wakavimaliza, vikaanza kuleta kodi.

Katika toleo hili tuelezane njia ya kujenga nyumba kwa hatua na kwa vipande. Mfano wetu uko Nairobi, katika kijiji cha Kambi Moto, mtaa wa Huruma. Tumeuchagua kwa sababu watoto wetu wengi wanaishi katika mitaa ya aina hiyo. Tena masoko yetu huku yanapanuka haraka, na msongamano wa mjini unatujia hata sisi.

HALI ILIVYOKUWA

Kambi Moto ilikuwa na vibanda vya mabati na mbao vilivyobanana sana. Mahali kama hapo, jiko la mmoja likianguka, majirani wote wanaungua. Ardhi ilikuwa ya Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo hakuna mwenyeji aliyekuwa na cheti. Na mtu ambaye anaweza kufukuzwa kesho, atajengaje kwa mawe leo?

Hata wenyeji wenyewe hawakuwa sawa. Kulikuwa na wenye vibanda waliokuwa wakipokea kodi, na kulikuwa na wapangaji. Mwenye vibanda akisikia habari ya kujenga upya, anaogopa kupoteza riziki yake. Mpangaji naye anaogopa kwamba nyumba nzuri zikija, ataondolewa na watu wenye pesa waingie. Hofu hiyo si ya bure. Imetokea katika miji mingi.

WALIANZA NA WATU

Wenyeji walikuwa katika Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakaaji wa mitaa duni kilichoanza mwaka 1996, na walisaidiwa na shirika la Pamoja Trust. Walianza na vikundi vya akiba, kila mtu akiweka kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Kisha wakahesabiana wenyewe, mlango kwa mlango: nani anaishi hapa, nani ni mwenye kibanda, nani ni mpangaji.

Baada ya hapo yalikuja mazungumzo marefu na magumu. Mwisho walikubaliana kwamba kila familia ipate nyumba moja, na nafasi ziwe sawa, awe mwenye vibanda au mpangaji. Hapo ndipo tunapoona msingi wa kweli wa Kambi Moto. Bila makubaliano hayo, mawe yangekuwa ya kupigania. Mwaka 2003 walifanya mapatano na Halmashauri kuhusu ardhi, na ujenzi ukaanza mwaka huo huo.

NYUMBA YENYEWE

Kila nyumba imesimama mahali padogo, karibu mita 4.5 kwa mita 4.5. Ni padogo kweli, lakini walijenga kwenda juu. Familia inaanza na sehemu ya chini: chumba, mahali pa kupikia, choo, na ngazi ya kupandia. Ikipata pesa, inaongeza ghorofa ya kwanza, halafu ya pili. Kwa hiyo msingi lazima uwe na nguvu za kubeba ghorofa zote tangu siku ya kwanza, hata kama mwenye nyumba ana pesa za chumba kimoja tu. Ukipunguza simiti kwenye msingi, umefunga mlango wa kuongeza juu.

Nyumba zimepangwa kwa mstari na zinashikana. Ukuta mmoja unatumika na majirani wawili, basi mawe na simiti vinapungua.

Sakafu ya juu ndiyo huwa ghali. Kwa kawaida fundi anaweka mbao na miti ya kuegemeza chini ya sakafu yote, anafunga vyuma, halafu konkriti inamwagwa yote siku moja. Kambi Moto walitumia njia iliyotoka kwa wenzao wa India, inayoitwa laadi. Laadi ni kipande kidogo cha konkriti kinachotengenezwa chini, ndani ya kalibu. Kikikauka, watu wanakibeba kwa mikono na kukipanga juu ya mihimili. Vikishapangwa vyote, tabaka jembamba la konkriti linamwagwa juu ili vishikane. Mbao nyingi hazihitajiki, na mtu ambaye si fundi anaweza kufundishwa kutengeneza vipande hivyo. Akina mama walifanya sehemu kubwa ya kazi za mikono. Kazi ambayo ingelipwa kibarua wa nje ikabaki ndani ya kijiji, na ujuzi pia ukabaki.

Tusidanganyane, njia hii ni ya polepole. Nyumba za awamu ya kwanza zilikuwa 34, na familia za kijiji zilikuwa karibu 270. Wengine walilazimika kungoja wakiwatazama wenzao wakihamia. Kungoja hivyo kunawezekana tu pale ambapo watu wanaaminiana na orodha iko wazi.

SISI TUNAWEZA KUFANYA NINI?

1. Maliza kimoja kwanza. Chumba chenye paa na mlango kinatumika, lakini kuta 6 bila paa zinaharibika.

2. Tumia kipimo kimoja. Vyumba vyote vikiwa na ukubwa sawa, milango na madirisha sawa, kalibu moja inatosha, na mabati hayakatwi ovyo.

3. Tengeneza vipande wakati mikono ina nafasi, baada ya mavuno. Konkriti inywe maji kila siku, kwa siku 7 angalau, na ifunikwe isichomwe na jua. Ikikauka haraka inapasuka. Nguvu yake inahesabiwa kuwa kamili baada ya siku 28.

4. Angalia udongo wenu. Kuna mashine ya mkono ya kukandamiza udongo uliochanganywa na simiti kidogo, ukawa tofali lisilochomwa kwa kuni. Miti yetu inabaki. Lakini udongo mweusi wa shamba haufai. Chimba chini zaidi, na jaribu matofali machache kwanza.

5. Kama mnataka ghorofa, msibahatishe. Mwiteni mtaalamu apime udongo na achore msingi, na mpate kibali cha kaunti.

6. Andikeni habari ya ardhi kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simiti. Ploti ni ya nani? Mwanachama akifa au akihama, fungu lake linaenda wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makao bora, lakini haitawaandikia cheti cha ploti yenu.

Wale akina mama tuliowataja mwanzoni hawajapotea. Msingi wao bado uko. Tumewashauri waezeke vyumba 2, na kuta nyingine wazifunike juu mvua isiingie. Kodi ya hivyo 2 itasaidia kujenga cha 3.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu kuna jengo lililokwama? Lilikwama kwa sababu gani hasa?

2. Tukijenga nyumba, ni nani kati yetu anaweza kuachwa nje? Tumemwuliza?

3. Kwa akiba tuliyo nayo leo, ni sehemu gani tunaweza kuimaliza kabisa?

4. Tukilazimika kungoja zamu, tutapangaje orodha ambayo kila mtu ataikubali?