Kupanda Kilimanjaro, na Hesabu ya Siku Zake

Mwezi uliopita ilifika hapa shuleni barua ya wanafunzi wanne wa zamani, ambao sasa wanafanya kazi Pemba na Dar es Salaam. Wamekusudia kupanda mlima Kilimanjaro mwezi wa Januari, nao wanawakaribisha wawili au watatu wa darasa la kumi na mbili wafuatane nao. Barua ilisomwa bwenini usiku, ikashangiliwa sana. Lakini mstari mmoja ulinitia wasiwasi. Wameandika kwamba watachukua safari ya siku tano badala ya sita ili waokoe fedha, maana siku ile ya ziada ni ya kukaa tu pasipo kwenda mbele. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze hapa jinsi safari hiyo inavyokwenda, na kwa nini siku hiyo ya kukaa ndiyo ambayo mimi nisingekubali kuiuza.

Kwanza niseme kweli: mimi sijafika kileleni. Mjomba wangu, mzaliwa wa Palma, alioa Moshi zamani, naye amekuwa mpishi wa safari za mlimani kwa miaka mingi. Likizo iliyopita nilivuka Ruvuma nikaenda kumtembelea, naye akafanya mpango nikapanda na kiongozi hadi vibanda vya Mandara, nikarudi siku ile ile. Mambo ya juu zaidi ya hapo nimeyapata kwake, jioni baada ya jioni, na mengine vitabuni.

Sisi watu wa pwani mlima hatuujui. Mlima mrefu kuliko yote katika Msumbiji ni Binga, wenye mita 2,436, nao uko mbali sana, huko Manica mpakani mwa Zimbabwe. Mtu wa Palma akipanda kwenda Mueda akavaa koti usiku, hurudi nyumbani akisimulia baridi. Kilimanjaro una mita 5,895, yaani futi 19,340, hivyo ukiweka Binga mbili, moja juu ya nyingine, bado hujafika kileleni.

Lakini urefu peke yake si kitu cha kuogopesha. Njia ya Marangu haina mahali pa kupanda kwa kamba. Ni njia ya kutembea kwa miguu tangu langoni hadi juu. Shida iko katika hewa, na nadhani mtoto wa pwani aweza kuielewa upesi kuliko mwingine. Wapiga mbizi wetu wajua kwamba kadiri wanavyozama ndivyo maji yanavyowabana masikio. Basi hewa nayo ni bahari, na sisi tunaishi sakafuni pake. Uzito wa hewa yote iliyo juu yetu huibana hii tunayoivuta, ikajaa kifuani. Mtu akipanda mlima ni kama anayeelea kutoka chini kwenda usoni mwa bahari hiyo: mbano hupungua na hewa hutawanyika. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni kama sehemu 21 katika 100 huko kama huku. Ila pumzi moja ya kileleni imebeba karibu nusu tu ya oksijeni iliyomo katika pumzi moja ya ufukwe wa Palma.

Mwili waweza kuzoea jambo hilo, lakini hauzoei kwa amri. Mtu huanza kupumua upesi na kwa kina, hata akiwa usingizini. Moyo hupiga mbio. Figo hutoa maji zaidi ili damu ikae sawa na pumzi hizo mpya. Kazi hii huchukua siku kadhaa. Damu yenyewe kuongeza chembe nyekundu ni kazi ya majuma, na hakuna mpandaji wa Kilimanjaro anayekaa juu muda huo.

Sasa tuitazame njia. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, ukishapita migomba na kahawa ya Wachaga. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, miti yenye ndevu za kuvu, matope na maji yanayotiririka kila upande. Kwa saa tatu au nne mtu hufika Mandara, kama mita 2,700. Hapo ndipo mimi nilipoishia. Vibanda ni vya mbao, paa zake zimeshuka hadi karibu na ardhi. Nilikuwa nimevaa fulana mbili na bado meno yaligongana, wakati mpagazi mmoja alipita akiimba na kapu la mayai kichwani.

Siku ya pili msitu hukoma ghafla, vikafuata vichaka na majani makavu, hadi Horombo, kama mita 3,700. Huko kuna mimea ya ajabu, mirefu kuliko mtu, shina kama gogo na kichwa cha majani makubwa kama kabichi. Kutoka Horombo hadi Kibo, kama mita 4,700, ni jangwa: mawe, vumbi, na upepo kati ya vilele viwili, Mawenzi na Kibo. Kibandani Kibo hakuna kijito, maji huchukuliwa kutoka chini. Mjomba husema kwamba maji ya huko huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, hata maharage hayaivi sawasawa. Ndiyo sababu wapishi hawayapeleki.

Msomaji mwenye hesabu ameona jambo. Kutoka 2,700 hadi 3,700 hadi 4,700, kila kituo kimezidi cha nyuma yake kwa mita 1,000. Nao madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya kama mita 500 kwa usiku mmoja mahali anapolala, tena kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Kwa hiyo hata safari ya siku sita inakwenda mbio kuliko shauri lao. Ya siku tano haimpi mwili nafasi hata kidogo. Katika safari ya siku sita, siku ya tatu hukaliwa Horombo. Lakini hawalali wakingoja chakula. Asubuhi kiongozi huwapandisha hadi Miamba ya Pundamilia, kama mita 4,000, mawe yenye milia myeupe na myeusi, kisha huwarudisha kulala pale pale. Panda juu, lala chini: mwili umeonjeshwa hewa ya mbele, ukapewa usiku mzima kujitengeneza. Njia ya Machame nayo imeundwa hivyo. Wapandaji wengi hupitia mnara wa mawe ulio karibu mita 4,600, wakalale Barranco, karibu mita 3,900.

Usiku wa kileleni huanza karibu saa sita. Mtu aliyezoea jua atauliza kwa nini wasingoje mapambazuko. Ni kwamba usiku changarawe zimeganda kwa baridi, hazitelezi sana kama mchana. Tena asubuhi mawingu huwa bado hayajapanda. Na baada ya kufika juu lazima kubaki mwanga wa kutosha kuteremka mpaka Horombo siku hiyo hiyo. Hupanda kwa taa, hatua moja na pumzi moja, hadi ukingo wa shimo la volkano mahali paitwapo Gilman's Point, na kutoka hapo hufuata ukingo saa moja na nusu au mbili hadi Uhuru. Baridi yaweza kushuka nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Kilele hicho Wajerumani walikipa jina la mfalme wao. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge huko juu, na kilele kikaitwa Uhuru.

Katika safari hiyo yote mtu wa maana kabisa ni kiongozi, na sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kupanda bila yeye. Wengi hudhani kazi yake ni kuonyesha njia. Njia yaonekana, imekanyagwa na maelfu. Kazi yake ni kuwatazama watu. Kuumwa kichwa kidogo, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida, mtu hupumzika akanywa maji, wala haongezi kupanda mpaka yamepungua. Wengine humeza dawa ya asetazolamidi kwa shauri la daktari, nayo husaidia kuzoea. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyo na mpango, maji yamemwingia ubongoni. Akikohoa povu, akakosa pumzi hata akiwa ameketi, yamemwingia mapafuni. Yote mawili huua kwa saa chache. Tiba ni moja, kuteremka mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni ya chupa na dawa huongeza muda tu.

Tena nguvu za mwili hazikingi. Hili nalisema kwa wenzangu wa timu ya mpira. Mjomba alinihadithia habari za kijana mmoja, mwenye kifua kama mvuvi wa jarife, aliyewatangulia wenzake siku zote, na kichwa kilipomuuma akaficha. Kibo alitapika, akasema ni supu. (Mpishi hakufurahi.) Usiku, alipopita pango la Hans Meyer, alianza kupepesuka. Kiongozi akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole; akaanguka. Kijana akalia, akasema amelipa fedha zake zote na kilele kinaonekana. Kiongozi hakubishana naye, akamshika mkono wakateremka na msaidizi gizani. Kutoka Kibo walimfunga katika machela yenye gurudumu moja, wapagazi wakaisukuma mpaka Horombo. Jua lilipotoka akaomba uji.

Sisi hapa twajua desturi hiyo. Nahodha akisimama ufukweni mwa ghuba ya Tungi akatazama kusi, akasema leo hatutweki, hakuna abiria anayemwambia kwamba nauli imekwisha lipwa.

Hata wa kwanza walirudi. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akashindwa na barafu. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima, maana alikamatwa katika vita vya Abushiri, akaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller wa Austria, na safari hii aliweka kambi juu, wapagazi wakimletea chakula kutoka Marangu, ili aweze kukaa siku nyingi. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo, wakaona kilele kiko mbele, nao wamechoka na mchana umekwenda. Wakarudi kambini. Wakapumzika. Tarehe 6 Oktoba wakasimama juu. Na mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyeongoza watu mlimani miaka mingi, aliheshimiwa mwaka 1989, miaka 100 ilipotimia, kuwa mmoja wa waliomwongoza Meyer. Picha za vileleni kwa kawaida haziwaonyeshi watu wa namna yake, wala wapagazi ambao mzigo wao hauruhusiwi kuzidi kilo 20.

Turudi kwenye fedha, kwa sababu ndugu zetu wanne si wachoyo. Mishahara yao ni midogo nasi tunaijua. Kila siku mlimani hulipiwa ada ya hifadhi, malazi, chakula, na ujira wa kiongozi, mpishi na wapagazi, hivyo siku moja ikiondolewa ni fedha nyingi kweli. Ila niliwafanyia hesabu nyingine. Wakiondoa hoteli ya Moshi waliyoiandika, wakalala kwa mjomba, tena wakaazima makoti na mifuko ya kulalia huko huko badala ya kununua, sehemu kubwa ya siku hiyo imepatikana. Wakiweza pia kungoja hadi mwisho wa Januari, mvua za vuli zitakuwa zimekwisha kabisa.

Nimewapelekea hesabu hiyo kwa barua. Mjomba amekubali watu sita, mradi wasiwe na haya ya kulala mkekani. Jibu lao bado halijafika, na jina langu nimeliandika katika orodha kwa penseli.